Pazia la Mchanga

Katika mchezo wa video uitwao Spec Ops: The Line, uliotengenezwa na kampuni ya Yager ya Berlin na kuingia sokoni mwezi Juni 2012, pana mahali ambapo mchezaji hawezi kupiga hatua mbele bila kuwachoma watu moto. Kapteni Martin Walker na askari wake wawili, Adams na Lugo, wamesimama juu ya kambi iliyojaa wanajeshi wa Marekani walioasi. Kando yao upo mzinga na makombora ya fosforasi nyeupe. Lugo anapinga, kwa kuwa anaamini njia nyingine haikosekani, Walker anamkatalia. Mchezaji mbishi anaweza kujaribu kuwapiga maadui mmoja mmoja kwa bunduki, lakini hawaishi: huzidi kujitokeza mpaka yeye mwenyewe auawe. Basi anaurudia mzinga, anatazama katika kioo cha kamera kinachowaonyesha watu kama vidoa vyeupe, anafyatua. Moshi ukishatulia, anatembezwa polepole katikati ya alichokitenda, na mwisho wa kambi anawakuta raia 47 waliokuwa wamehifadhiwa hapo, wote wameungua. Miongoni mwao yumo mama aliyekufa akiwa amemziba mwanawe macho.

Mji ambamo haya yanatendeka ni Dubai, uliofukiwa na tufani za mchanga.

Wapenzi wa michezo hii huzipenda mno habari za nyuma ya pazia, na mchezo huu unazo tele. Sauti ya Walker ni ya Nolan North, mwigizaji yuleyule aliyempa sauti Nathan Drake, shujaa mcheshi wa michezo ya Uncharted, na uteuzi huo unamfanya mchezaji amwamini Walker kabla hajamjua. Amri anazowapa askari wake zinaanza kwa utulivu wa kijeshi na kuishia katika matusi na kelele za mtu aliyerukwa na akili. Picha ya ukurasa wa mwanzo hubadilika na kuchakaa kadiri hadithi inavyokwenda. Maandishi ya kwenye skrini ya kusubiri, ambayo katika michezo mingine humfundisha mchezaji namna ya kujaza risasi, hapa hugeuka taratibu na kuanza kumsuta. Hata ile sehemu ya kuchezwa na watu wengi kwa pamoja haikutengenezwa na Yager. Ilikabidhiwa kampuni nyingine, na mbunifu mkuu Cory Davis aliwahi kuikana hadharani kwa maneno makali. Nyingi ya habari hizi ni za kupamba mazungumzo. Ipo moja, hata hivyo, inayostahili kuzingatiwa kama hoja. Walt Williams, mwandishi mkuu wa hadithi hiyo, ameeleza katika mahojiano kwamba miongoni mwa miisho ya mchezo upo usioonekana popote ndani yake: mchezaji kuiweka chini padi ya kuchezea, kuuzima mtambo na kwenda zake.

Hilo ni jibu kwa swali la zamani sana. Je, mtu huwa na hatia ya tendo ambalo hakuwa na hiari ya kuliepuka? Maulamaa wa fiqhi wamelijadili chini ya mlango wa kulazimishwa. Wanafalsafa wa Ulaya wamelijadili chini ya jina la uhuru wa kutaka. Wote wanakubali, kwa namna moja au nyingine, kwamba hatia bila hiari ni neno lisilo na mzigo. Mchezaji anayelalamika kwamba alilazimishwa kufyatua fosforasi anajitetea kwa hoja hiyohiyo. Na watengenezaji wanamjibu kwamba hakulazimishwa: aliununua mchezo, akaufungua, na alipoona unakokwenda akaendelea kwa sababu alitaka kujua mwisho. Udadisi wake ndio uliokuwa hiari yake. Jibu hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, kwa maana linatugusa hata sisi wasomaji wa vitabu. Nani kati yetu hajawahi kuusukuma ukurasa wa mauaji kwa hamu?

Lakini tuutazame huo mlango wa kutokea kwa makini zaidi. Anayeutumia anatoka na nini? Anatoka na mikono safi. Wale 47 hawaokoki kwa kuzimwa kwa mtambo, wala hawakuwa na maisha yoyote kabla ya kuungua; waliumbwa ili waunguzwe, na waliunguzwa ili mtu mmoja, Walker, na mtu mwingine mmoja, mchezaji, wapate kujihoji. Hesabu nzima ya maadili inafanywa ndani ya kifua cha mpigaji. Anayepigwa ni wino tu wa kuandikia hesabu hiyo. Ndiyo maana mchezo unaweza kumpa mchezaji uchungu wa kweli (watu wengi wameshuhudia kwamba uliwaumiza, nami sina sababu ya kuwashuku) bila kumpa hata jina moja la mkaazi wa Dubai la kulikumbuka. Wanaokumbukwa ni Walker, Adams, Lugo, yule mtangazaji mropokaji wa redioni, na Kanali John Konrad katika mnara wake ambao mchezo unauita Burj Aurora. Wenyeji wenye silaha wanaokutana nao mwanzoni wanasema Kifarsi, lugha ambayo kweli inasikika Dubai tangu zamani za majahazi ya Bandar Lengeh, ila ndani ya mchezo inasikika kama kelele za maadui. Mji ambao takriban watu tisa katika kila kumi ni wageni kutoka Kerala, Peshawar, Manila, Addis Ababa na Mombasa umepunguzwa hadi ukawa na kundi moja la wakimbizi wasio na sura, wanaokimbia kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine.

Jina la kanali huyo halikufichwa. Joseph Conrad alipanda mto Kongo mwaka 1890 kwa meli ndogo ya mvuke iitwayo Roi des Belges hadi Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Kutokana na safari hiyo aliandika Heart of Darkness, hadithi iliyochapishwa kwanza katika jarida la Blackwood's mwaka 1899 na kuingia kitabuni mwaka 1902: Mzungu mmoja anampanda mto kumtafuta Mzungu mwingine aliyepotelea katika ukatili. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola aliihamishia hadithi hiyo Vietnam katika filamu ya Apocalypse Now. Yager wakaihamishia Dubai. Kongo, Vietnam, Dubai: msafiri ni yuleyule, anayetafutwa ni yuleyule, ugunduzi wa mwisho ni uleule kwamba giza limo ndani ya mtafutaji. Kinachobadilika ni mandhari, kama pazia la nyuma katika jumba la maigizo, linaloteremshwa na kupandishwa lingine.

Chinua Achebe alilisema jambo hili katika mhadhara wake wa Februari 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Lawama yake kubwa ilihusu Afrika kugeuzwa jukwaa la kuporomokea akili ya Mzungu mmoja, na Waafrika kugeuzwa vifaa vya jukwaa hilo. Watetezi wa Conrad walimjibu, na bado wanajibu, kwamba mwandishi alikuwa akiushutumu ubeberu wa Ubelgiji. Watetezi wa Spec Ops nao husema kwamba mchezo unamshutumu Walker, kijana aliyetumwa kufanya upelelezi tu na kuripoti, akaugeuza mji wa watu uwanja wa kutafutia ushujaa wake. Utetezi huo ni wa kweli, na sidhani Achebe aliukataa. Ila mwandishi anaweza kumshutumu mhusika wake na bado akawa ameshika darubini ileile aliyoshika mhusika. Walker anaiona Dubai kama mahali pa kujithibitishia kwamba yeye ni mtu mwema. Mchezo unaiona Dubai kama mahali pa kumthibitishia Walker kwamba si mwema. Katika hali zote mbili Dubai haijaulizwa kitu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mahsusi ya kutolipita jambo hili haraka. Huko Stanley Falls alikokwenda Conrad hapakuwa pori lisilo na lugha. Tangu mwaka 1887 liwali wake, kwa uteuzi wa Leopold wa Pili, alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye aliondoka kurejea Zanzibar mwaka uleule wa 1890, miezi michache kabla Conrad hajafika. Wawili hawa wangekuwa na bahati kidogo wangekutana gatini. Na Tippu Tip naye aliacha kitabu: habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambazo Mjerumani Heinrich Brode alianza kuzichapisha mwaka 1902, mwaka uleule wa kitabu cha Conrad. Vitabu viwili, mto mmoja, mwaka mmoja. Kimoja kinasomwa katika kila chuo kikuu duniani. Kingine tunakijua sisi na wanahistoria wachache.

Lingekuwa jambo la kupendeza kusema kwamba katika maandishi hayo ya Kiswahili tunapata utu ambao Conrad ameukosa. Hatuupati. Tippu Tip anasimulia vita, vijiji vilivyochomwa, pembe zilizopimwa kwa frasila na watu waliotekwa kwa sauti moja tulivu, kama mfanyabiashara anayepitia daftari lake la hesabu. Hakuna Kurtz anayelia kitandani, hakuna dhamira inayoporomoka, hakuna giza moyoni. Pana faida na hasara. Hata hivyo pana jambo moja ambalo kwa Conrad halipo: watu wa Kongo wana majina, wana nasaba, wana watawala wenye hila na siasa zao, wanadanganya na kudanganywa. Msimulizi aliyewadhulumu kwa biashara alilazimika kuwajua, kwa sababu biashara haifanyiki na kivuli. Kwa hiyo tuna msimulizi mmoja mwenye dhamira asiyewaona watu, na mwingine anayewaona watu bila kusumbuliwa na dhamira. Nani kati yao ni mbaya zaidi, mimi sijui njia ya haki ya kuwapima. Ninachokiona ni kwamba majuto hayamfanyi mtu aone. Ni vitu viwili mbalimbali, na mchezo wa Yager, kama kitabu kilichouzaa, umevichukua kuwa kimoja.

Turudi Dubai. Mchezo ulipotoka, ulipigwa marufuku katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa namna ulivyouonyesha mji huo ukiwa magofu. Sababu hiyo inaeleweka kwa dola iliyojenga jina lake juu ya picha ya minara. Lakini katazo hilo nalo lilikuwa likiyatazama majengo. Berlin waliona katika Dubai kiburi cha vioo kinachongoja kufunikwa na jangwa. Wakubwa wa Falme waliona sifa ya nchi inayochafuliwa. Sikumbuki katika mabishano yale mtu aliyeuliza maswali ya kawaida kabisa: tufani kama ile ingeshuka kweli, nani angepewa gari la kuondokea na nani angeambiwa asubiri? Nani pasi yake ya kusafiria imo katika droo ya mtu mwingine? Nani angerudi nyumbani Tanga mikono mitupu, na deni la wakala aliyempeleka bado halijalipwa?

Haya si maswali ya kubuni. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanazijua njia za Deira kama wanavyozijua za kwao. Magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa Mombasa yamepitia katika yadi za Dubai na Sharjah. Walinzi wa milangoni, wahudumu wa hoteli, wauguzi, madereva na wasaidizi wa majumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wamo katika kila kitongoji; na katika Falme hizo, kama ilivyo Oman, zimo familia zilizotoka Unguja baada ya Januari 1964 ambazo wazee wao bado huapa kwa Kiswahili wakikasirika. Mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake, umelegezwa mara kadhaa kwa sheria mpya lakini haujasahauliwa na waliouonja. Hawa ndio Dubai. Na maafa yalipokuja kweli yalikuja kwa maji. Tarehe 16 Aprili 2024 nchi hiyo ilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Kituo kimoja cha Al Ain kilipima milimita 254 chini ya siku moja, na njia za ndege za uwanja wa Dubai zikageuka ziwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wafanyakazi watatu kutoka Ufilipino. Dunia iliziona picha za ndege zikikata maji. Majina ya hao watatu yalibaki katika magazeti ya kwao.

Ufilipino, ikumbukwe, ndiko Coppola alikopigia picha filamu yake ya Vietnam. Serikali ya Ferdinand Marcos ilimkodisha helikopta za jeshi, na mara kwa mara, katikati ya kupiga picha za vita vya uongo, helikopta hizo ziliondolewa ili zikapigane na waasi katika vita vya kweli. Jambo hilo husimuliwa kama kichekesho katika kila orodha ya mambo ya nyuma ya pazia. Msimulizi hucheka juu ya usumbufu alioupata mwongozaji. Mimi kila ninapolisoma nawafikiria wale waliokuwa chini ya hizo helikopta mchana uleule.

Nadhani hapa ndipo pazia linapostahili kuinuliwa. Tumezoea kuzichukulia habari za nyuma ya pazia kama chumvi ya kutilia mazungumzo, ilhali mara nyingi zina ukweli ambao kazi yenyewe haikuthubutu kuusema. Chukua mfano wa mchezo mwingine wa mapigano, mkali kuliko huu. Mortal Kombat ulianza Chicago mwaka 1992 chini ya Ed Boon na John Tobias kwa kuwapiga picha za video watu halisi wa sanaa za mapigano, na ndio uliolifanya Baraza la Seneti la Marekani kufanya vikao Desemba 1993 na wenye michezo kuanzisha bodi ya kupanga umri wa wachezaji mwaka 1994. Kwa karibu miaka 30 swali la maadili juu ya mchezo huo limekuwa moja tu: unamfanyia nini mtoto anayeucheza? Kisha mwaka 2019, ulipotoka mchezo wa 11, mmoja wa waliofanya kazi ya kuutengeneza aliueleza mtandao wa Kotaku, kwa sharti la kutotajwa jina, kwamba kutazama kila siku picha za maiti na za machinjio, ili damu na matumbo ya kwenye kioo yafanane na ya kweli, kulimfikisha kwa daktari aliyemtambua kuwa na maradhi ya kiwewe. Usingizi ulimwogopesha kwa ndoto. Akimtazama mbwa wake, aliuona mwili wake wa ndani. Swali lililoulizwa kwa miaka yote hiyo lilikuwa limeelekezwa upande mmoja tu wa kioo.

Na kwa sisi wa Afrika Mashariki upande wa pili wa kioo una anwani: Nairobi. Huko vijana waliajiriwa kuitazama video baada ya video ya mauaji na ubakaji ili mitandao ya kijamii ibaki safi kwa wengine. Daniel Motaung, aliyefanya kazi hiyo kwa kampuni ya Sama iliyokuwa na mkataba na Meta, aliyafikisha makampuni hayo mahakamani Nairobi mwaka 2022. Desemba 2024 iliripotiwa, kutokana na nyaraka zilizowasilishwa mahakamani, kwamba zaidi ya watu 140 waliofanya kazi hiyo nchini Kenya wametambuliwa na madaktari kuwa na kiwewe kikali. Kwa watu hawa lile jibu la Walt Williams, weka padi chini na uende zako, linasikika vipi? Mlango upo. Nje ya mlango huo ipo kodi ya nyumba, na kwa waliotoka nchi nyingine kuna kibali cha kuishi kilichofungwa kwenye mkataba. Hiari inayoonekana kamili katika sebule ya mchezaji hupungua kila unapozidi kusogea upande wa wanaoikanda picha ile mpaka iwe nzuri au safi.

Siandiki haya kuudunisha mchezo wa Yager. Michezo mingi ya vita huziyeyusha maiti baada ya sekunde chache. Huu unakulazimisha kupita katikati yao. Una ujasiri wa kumnyima mnunuzi raha aliyolipia, jambo ambalo soko halisamehe, na kweli haukuuzwa vizuri. Hata kosa lake ni la kazi iliyofikiri sana, na kazi isiyofikiri kamwe isingetupa nafasi ya kubishana nayo. Ila ningependa siku moja kuona hadithi hiyohiyo ikitengenezwa na mtu aliyewahi kulala watu wanane chumba kimoja huko Sonapur, ambaye kwake Dubai ni mahali pa kazi na deni na ibada ya Ijumaa na vocha ya simu ya kumpigia mama. Sijui kama angemweka Kanali Konrad ndani yake. Labda kama mteja.

Mambo yamekwenda kwa kasi tangu hapo. Novemba 2023 Dubai ilitangaza mpango wake wa michezo ya video hadi mwaka 2033, ikikusudia kuzalisha ajira 30,000 na kuwa miongoni mwa miji kumi ya kwanza duniani katika shughuli hiyo. Miezi miwili baadaye, Januari 2024, Spec Ops: The Line uliondolewa katika maduka yote ya mtandaoni. Hakuna aliyeshtaki kwa ajili ya wale 47, wala si serikali iliyoomba. 2K walieleza kwamba muda wa leseni kadhaa zilizouhusu mchezo ulikuwa unakwisha, na wengi wakaelewa kuwa ni za nyimbo, kwani pale mwanzo kabisa, kabla risasi ya kwanza haijalia, husikika gitaa la Jimi Hendrix likiupiga wimbo wa taifa la Marekani.